Vitenzi vya Kiingereza na vijineno vyake (get on, put off, look into): sisi Waswahili tunakwama wapi hasa?

MwalimuWaJioni (mleta uzi):

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka aruke.

Zile orodha za "phrasal verbs" za A mpaka Z zinazosambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp naona zinatuchosha bure. Mtu anakariri "back up, blow up, break down", akifika kwenye "get" anakuta msururu wa maana usio na mwisho, anazima simu. Mimi nafundisha Kiingereza watu wazima jioni, wengi wa maofisini na mahotelini, na makosa ninayosahihisha hayajatawanyika ovyo. Mengi yanatokana na jinsi kitenzi cha Kiswahili kilivyoumbwa. Ukishalijua hilo, nusu ya kazi imeisha.

Tuanze nyumbani. Sisi tukitaka kukigeuza kitenzi tunakishonea kipande mwishoni. Pita, pitia. Shika, shikilia. Ingilia kutoka ingia, endelea kutoka enda. Mwingereza kwa kazi hiyohiyo anakiacha kitenzi kama kilivyo, halafu anaweka nyuma yake kijineno kinachojitegemea. Kupitia ripoti ni "go through", kushikilia ni "hold on to", kuingilia mtu akiongea ni "cut in", kuendelea ni "go on". Itazameni hiyo ya mwisho: enda ikazaa endelea, "go" ikazaa "go on". Lugha zisizo na undugu wowote zimepita njia moja.

Na maana kuhamahama si ugonjwa wa Kiingereza peke yake. Ona ni kuona, lakini onea ni kunyanyasa. Mgeni anayejifunza Kiswahili akisikia "bosi ananionea" anajiuliza macho yameingiaje hapo. Kwa hiyo "put up with" kumaanisha kuvumilia isikutishe. Hata sisi tuna vituko vyetu.

Sasa makosa. La kwanza: kwa kuwa kwetu mambo yamefungwa ndani ya kitenzi, tukivuka kwenda Kiingereza tunasahau kwamba wenzetu wameyaacha nje. Nisubiri inakuwa "wait me". Nisikilize inakuwa "listen me". Nieleze, "explain me". Nijibu, "reply me", na hii imejaa kwenye barua pepe za kikazi mpaka imezoeleka. Zinatakiwa "wait for me", "listen to me", "explain to me", "reply to me". Ile ni- yetu ilikuwa imebeba mzigo wote kimyakimya.

La pili ni kinyume chake, kuweka kijineno pasipotakiwa: "discuss about", "emphasize on", "request for", "reach at home". Hapa siwalaumu sana watu, kwa sababu nomino zinatudanganya. "A discussion about land" ni sahihi kabisa. "Emphasis on discipline" ni sahihi. "A request for leave" ni sahihi. Nomino inadai kijineno, lakini kitenzi chake kinakikataa: "we discussed the land", "he emphasized discipline", "she requested leave". Ukisita, jiulize tu hapa neno lenyewe ni kitendo au ni jina la kitendo.

La tatu ni "na" yetu. Inategemea na hali, ameolewa na fulani, ni tofauti na ile. Tunaichukua "na" tunaibandika "with" kila mahali: "it depends with", "married with", "different with". Kumbe ni "depends on", "married to", "different from". Kwa nini "on"? Kwa sababu "depend" asili yake Kilatini ni kuning'inia, na kitu huning'inia kwenye kingine. Hapa mantiki ipo. Kwingine msiitafute, mtaumia kichwa.

La nne ni tamu zaidi. Mtu niliyezungumza naye. Kiswahili hakikubali kuiacha "na" ikielea, lazima iwe naye. Tukienda Kiingereza tunasema "the man I talked to him". Kiingereza kinataka iachwe ikielea hivyohivyo: "the man I talked to". "The house I live in." Inaonekana kama sentensi imekatwa mkia, lakini ndiyo imekamilika. Waliofundishwa kwamba sentensi ya Kiingereza haiishii na kihusishi waliachiwa kanuni iliyopigiwa debe na mshairi John Dryden mwaka 1672, na Waingereza wenyewe hawajawahi kuifuata wakiwa wanaongea.

Nakunywa chai, nitarudi na habari ya "it" kukaa katikati.

Kaa_la_Moto:

Mkuu umeandika vizuri ila hoja ya kushona naipinga. Kipande chetu cha -ia ni kimoja, vijineno vya Kiingereza ni utitiri. Pikia ni "cook for". Kimbilia ni "run to". Lalamikia ni "complain about". Angukia ni "fall on". Sasa kujua kwamba kwetu kuna -ia kunanisaidia nini kuchagua kati ya for, to, about na on? Hapo bado nitarudi kwenye orodha uliyoitukana.

MwalimuWaJioni:

Umegusa penyewe. Haikusaidii kuchagua. Inakukumbusha kwamba pana kitu cha kuchagua, na mwenye kusema "reply me" hajafika hata hapo.

Ama kuchagua kwenyewe, chukua tupia. Mtupie mpira, mtupie jiwe. Kwetu ni tupia zote mbili, msikilizaji anaangalia kilichotupwa. Mwingereza anazitenganisha: "throw the ball to him", "throw a stone at him". "To" ni kumfikishia mtu kitu apokee. "At" ni kumlenga, apende asipende. Kisha shika hiyo uende nayo: "shout to her" ni kumwita aliye ng'ambo ya barabara, "shout at her" ni kumfokea. Mbwa "barks at you". Bunduki inaelekezwa "at". "Look at", "stare at", "laugh at", "aim at", zote zina shabaha. Umejifunza kijineno kimoja ukapata vitenzi vinane. Hiyo ndiyo sababu nasema jifunze kwa kijineno, usijifunze kwa kitenzi. Orodha zote zimepangwa kwa kitenzi, ndiyo maana hazishikiki.

"Up" nayo ina tabia yake. Mara nyingi haihusiani na juu, ni kumaliza kabisa: "eat up", "drink up", "use up", "tear up". Kiswahili kina kitu cha karibu, ile "mbali" ya tupilia mbali na potelea mbali. Hakuna umbali wowote pale, ni kukamilisha tu. "Off" ni kubanduka kutoka kwenye kingine: "cut off", "take off", "break off". Mechi ya ligi ya Uingereza ukiisikiliza kwa Kiingereza cha mtangazaji ni darasa tosha: "kick off", "sent off", "brought down" ndani ya boksi, "knocked out". Na "ruled out" ina mawili, goli limekataliwa au mchezaji hatacheza kwa sababu ya jeraha.

Halafu tafadhali, "Yanga won Simba" hapana. Mshindi "wins" mechi au kombe. Mpinzani unam-"beat", bila kijineno chochote. Aliyefungwa "lost to".

Mpwani_Halisi:

😂😂 hiyo ya Yanga umeileta makusudi.

Mie linaloniudhi ni "go off". Taa "went off", imezimika. Sawa. Alamu "went off", kumbe imelia! Maziwa "went off", yameharibika. Bomu "went off", limelipuka. Hebu hiyo kubanduka kwako itie hapo.

MwalimuWaJioni:

Hapo ndugu yangu kariri tu. Kamba huwa inafika mwisho. Ningeweza kukutungia maelezo kwamba alamu na bomu vinafyatuka kutoka kwenye utulivu wake, ila usiku ukiamka hutayakumbuka.

Mwanafunzi_F6:

Shikamooni wakubwa. Naomba kuuliza, "I look forward to hear from you" na "hearing from you", ipi? Mwalimu wetu alisema baada ya "to" kitenzi hakibadiliki.

MwalimuWaJioni:

Marahaba. Mwalimu wako yuko sahihi kwa "to" moja, na ziko mbili. "I want to hear": hiyo "to" ni kama ku- yetu ya kutenda, ni sehemu ya kitenzi. "I look forward to": hiyo ni kihusishi, na kihusishi kinataka nomino au kitenzi kilichovaa -ing. Kipimo: weka "it" mwishoni. "I look forward to it" inakubali, basi andika "hearing". "I want to it" haikubali, basi "hear". Kwa kipimo hichohicho utatofautisha "I used to wake up early", zamani nilikuwa naamka mapema, na "I am used to waking up early", nimezoea. Kwenye mtihani wanaipenda sana hiyo.

Na nilimuahidi mtu "it" ya katikati. Zipo jamii mbili. Kuna "turn off", unaweza kusema "turn off the radio" au "turn the radio off", ila ukitumia "it" lazima ikae katikati: "turn it off". "Turn off it" haipo duniani. Na kuna "look after", ambayo haipasuki: "look after it", kamwe si "look it after". Sikio litakusaidia kuliko sarufi. Kwenye jamii ya kwanza mkazo wa sauti unaangukia kijineno, turn it OFF. Kwenye ya pili unabaki kwenye kitenzi, LOOK at it. Sikiliza wanavyoongea, utasikia tofauti kabla hujaielewa.

NairobiKwaNairobi:

Ndugu zetu wa Bongo, hiyo "it depends with" naona mmetulenga sisi. Huku naisikia hadi kwenye mikutano ya watu na suti zao. Pia "result to violence", mtu amechanganya "result in" na "resort to" akapata yake. Lakini niulize: kama sote tunaelewana, kosa ni la nani? Mhindi ana Kiingereza chake, Mnigeria ana chake. Sisi ndio tutakaoomba ruhusa London hadi lini? Na tena, "discuss about" inasemwa hata Lagos na Delhi. Huko wanashona -ia gani?

MwalimuWaJioni:

Hilo la Lagos ni pigo halali. "Discuss about" na "cope up with" zimeenea kwa watu ambao hawajawahi kusikia Kiswahili, kwa hiyo hapo mkosaji ni Kiingereza chenyewe: nomino inavuta kitenzi, na "cope with" inavutwa na "keep up with". Lakini "it depends with" iwekeni kando ya "inategemea na" mniambie kama si mapacha.

La ruhusa nakuunga mkono nusu. Mkiongea ofisini Nairobi, "depends with" haimdhuru mtu. Ila anayefundishwa na mimi anataka kazi ambayo barua yake itasomwa na mtu ambaye hatamsikia sauti wala kumwona, na huyo msomaji atahukumu kwa hicho kijineno. Sijasema ni haki.

Mbeba_Boksi:

Nipo Marekani, Minnesota, nahudumia wazee kwenye nyumba zao. Wakuu, Kiingereza cha shule nilikuja nacho kizuri, cha "vomit", "tolerate" na "extinguish". Huku hakuna anayesema hivyo. Ni "throw up", "put up with", "put out". Unaingia kazini "clock in", unatoka "clock out", ukiumwa "call in sick". Fomu ni "fill out", sio "fill in" tuliyofundishwa. Mtu akikuambia "write me" hajakosea, ndivyo Mmarekani anavyosema.

La muhimu kwa mnaokuja kwenye kazi hizi: "passed out" ni amezimia. "Passed away" ni amefariki. Ripoti ya zamu ikisomeka vingine, familia inapigiwa simu ya msiba mgonjwa akiwa anakunywa juisi. "Pass on" nayo ni kufariki, na pia ni kufikisha ujumbe. Jifunzeni hizo tatu kabla ya kupanda ndege.

MwalimuWaJioni:

Asante sana mkuu, hii ya "passed out" naichukua darasani.

Ulichokiona cha "vomit" na "throw up" kina historia. Wanormani waliiteka Uingereza mwaka 1066, na kwa vizazi kadhaa Kifaransa kikawa lugha ya mabwana na mahakama, Kilatini lugha ya kanisa na wasomi. Maneno yao yakakaa juu: "tolerate", "extinguish", "postpone", "surrender". Vitenzi vifupi vya wenyeji, "put", "give", "get", vikabaki shambani na jikoni vikifanya kazi kwa kuunganishwa na vijineno: "put up with", "put out", "put off", "give up". Sisi Kiingereza tumekipata kwenye vitabu vya shule na barua za serikali, ndiyo maana Mtanzania anaweza kuandika maombi ya kazi vizuri kabisa halafu akakwama mhudumu wa hoteli anapomwambia "you need to check out by ten". Tumeingilia mlango wa sebuleni, jikoni hatujafika.

Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake maarufu mwaka 1755, alilalamika kwenye utangulizi kwamba hakuna kinachowatesa wageni kama vitenzi hivi. Kwa hiyo mkilia, hamlii peke yenu.

Na kitu kimoja watu hawakijui: Kiingereza nacho zamani kilishona, tena mbele ya kitenzi. Mabaki yapo: "understand", "withstand", "overtake", "uphold". Mabaki hayo ni hatari pale yanapokutana na jamii mpya. "Look over" ni kupitia kitu ukikikagua. "Overlook" ni kupitiwa, kutokiona, au kukifumbia macho. Ukimwandikia mkuu wako "I overlooked your report" umemwambia hukuisoma.

MzeeWaMnara:

Nimefanya kazi viwanja vya ndege, niongeze moja ambayo si ya kuchekesha. Tarehe 27 Machi 1977, uwanja wa Los Rodeos, Tenerife, kwenye Visiwa vya Kanari. Boeing 747 mbili, ya KLM ya Uholanzi na ya Pan Am ya Marekani, ukungu mzito. Rubani msaidizi wa KLM anasema redioni "we are now at take-off". Mwongozaji wa mnara akaelewa kwamba ndege iko pale pa kuondokea, inasubiri ruhusa. Kumbe ilikuwa imeshaanza kukimbia, ikaigonga ya Pan Am iliyokuwa bado kwenye njia hiyohiyo ya kurukia. Walikufa watu 583.

Wapo wataalamu wa lugha waliosema kwamba pale Kiholanzi ndicho kilichochungulia: Mholanzi huweza kusema yuko "kwenye" kufanya jambo akimaanisha kwamba analifanya sasa hivi. Sababu zilikuwa nyingi, ukungu, redio kuingiliana, haraka ya kuondoka, sitaki mtu aseme ni "at" peke yake. Ila baadaye neno "take-off" likawekewa uzio. Kwenye redio linatamkwa tu ruhusa ya kuruka inapotolewa au kufutwa. Mengine yote ni "departure".

Kaa_la_Moto:

Mzee hapo umetunyamazisha. Nilikuwa nakuja kumalizia ubishi wangu na -ia, nimeufuta.

NairobiKwaNairobi:

Respect mzee.

Lakini @MwalimuWaJioni bado sijakubali la London 😄 Mahakama zetu wakili "appeals against the judgment", Mmarekani "appeals the judgment" bila kijineno. Wenyewe kwa wenyewe hawajaelewana, sisi tunachapwa.

MwalimuWaJioni:

Ndiyo, na "protest" iko vivyo hivyo. Wewe shika moja uandike hiyohiyo mwanzo mpaka mwisho wa barua. Wa kwetu wengi wanalelewa na sarufi ya Uingereza, basi "appeal against".

Mpwani_Halisi:

La mwisho mwalimu, nikalale. Kupanda na kushuka. Gari, basi, boti, punda. Lini "get in", lini "get on"?

MwalimuWaJioni:

Chombo unachoweza kusimama ndani ukatembea, "get on" na "get off": basi, treni, meli, ndege. Unachokipanda mgongoni, vilevile "get on": punda, baiskeli, bodaboda. Unachojikunja kuingia ukakaa, "get in" na "get out of": teksi, gari dogo, mtumbwi. Daladala inahesabika basi hata siku ambayo huna pa kuweka mguu.

Mpwani_Halisi:

Na bajaji?

MwalimuWaJioni:

"Get in". Ukining'inia pembeni kwa dereva, "get on".